Namba tunazoandika kila saa ICU ya watoto: zamu ikiisha zinakwenda wapi?

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome aya mbili za mwanzo kisha aende zake.

Mimi ni nesi. Nimekesha ICU ya watoto, yaani chumba cha watoto mahututi, miaka mingi, na siku hizi nusu ya wiki nakaa na watu wa takwimu wa kitengo chetu. Kuna hesabu niliipiga usiku mmoja nikiwa zamu, mpaka leo haijanitoka kichwani. Mtoto amebandikwa waya kifuani. Monita, ile skrini ya kitandani, inapima mchoro wa moyo wake mara 250 kila sekunde, ambayo kwa saa moja ni vipimo 900,000. Mimi saa ikitimia nainua macho, naandika kwenye chati: mapigo 142. Basi. Vingine vyote vinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine siku chache, halafu vya mtoto mwingine vinaandikwa juu yake. Hakuna kikao kilichokaa kuamua vifutwe, mashine imepangwa hivyo tu.

Na vipimo hivi si vya bure. Kichanga wa kilo 3 ana damu kama mililita 240 mwili mzima. Ukimtoa mililita moja kupima gesi za damu, asubuhi ukarudia, jioni ukarudia, umemla kidogo kidogo. Majibu yanasomwa, ventileta (mashine ya kupumulia) inarekebishwa, karatasi inaingia faili, faili linaingia stoo. Kazi moja tu, tena ya dakika kumi. Mimi nasema namba hizo zinaweza kufanya kazi ya pili bila kumchoma mtoto sindano nyingine. Ila kazi ya pili itaharibika kama anayezichambua hajui ziliandikwaje. Hapo ndipo nataka tubishane.

Nianze na mfano wa watoto njiti. Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, daktari wa watoto wachanga Pamela Griffin na daktari wa moyo Randall Moorman waliutazama mchoro wa moyo ambao kila mtu alikuwa anao na hakuna aliyekuwa anausoma kwa namna ile. Moyo wa mtoto mzima wa afya haupigi kama saa ya ukutani, kila pigo linatofautiana kidogo na lililotangulia. Wakaona kwamba saa kadhaa kabla njiti hajaonyesha dalili za sepsisi (maambukizi yanapoufanya mwili uanze kudhuru viungo vyake), mtikisiko huo mdogo unapungua, mapigo yanakuwa bapa, na katikati yanachomoza mashuko mafupi mafupi. Nesi kwa macho anaona 150 na 150 na 150. Kompyuta inaona kitu kimebadilika. Wakatengeneza alama moja ya kuonyesha hatari hiyo, ikaitwa HeRO.

Kilichonifurahisha ni namna walivyoipima. Njiti 3,003, vitengo 9. Nusu yao alama ilionekana kwa wahudumu, nusu ilifichwa. Wala hawakuambiwa "ikifika hapa fanya hivi", kila mtu alitumia akili yake. Matokeo yalitoka mwaka 2011: waliofichwa walifariki asilimia 10.2, walioonyeshwa asilimia 8.1. Hakuna dawa mpya hapo wala waya mpya. Ni mchoro uleule.

Mfano wa pili ni vigezo vya Phoenix vya sepsisi kwa watoto, vilivyotoka Januari 2024. Vile vya 2005 tulivyovizoea vilitokana na wataalamu kukaa mezani na kukubaliana. Safari hii walichukua kumbukumbu za kawaida za mahudhurio zaidi ya milioni 3 ya watoto, hospitali 10, nchi 5: Marekani, Colombia, Bangladesh, China na Kenya. Wakaiuliza data yenyewe: kati ya vitu vyote tunavyoandika, vipi hasa vinakwenda pamoja na kifo? Yakabaki maeneo manne tu, yaani upumuaji, moyo na mishipa, kuganda kwa damu, na fahamu. Mtoto anayeshukiwa maambukizi akifikisha pointi 2 au zaidi, hiyo ni sepsisi. Ile homa na mapigo ya mbio tuliyokuwa tunaikimbilia haimo tena kwenye pointi.

Halafu kuna jambo la busara mle ndani. Huna kipimo cha damu ya mshipa wa ateri? Unaruhusiwa kutumia ile asilimia ya oksijeni inayosomwa kidoleni ukaigawa kwa kiwango cha oksijeni unachompa mtoto, kikiandikwa kwa desimali (asilimia 50 ni 0.5). Chini ya 292 akiwa kwenye msaada wa kupumua, pointi moja. Namba ya oksimita ambayo kila kitanda kinayo imekuwa kipimo cha utafiti.

Sasa nije kwenye kisa changu. Tulipoanza kuvuta data ya monita ili tuitazame, kijana wetu wa kompyuta alinijia na grafu, macho yamemtoka. Mtoto mmoja kila usiku oksijeni inashuka mpaka asilimia 84, kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha inapanda. Siku tano mfululizo. Akasema, "Dada, huyu anaporomoka na hakuna anayejua." Nikaitazama, nikacheka, nikamwambia: hiyo ni mimi. Kabla ya kukabidhi zamu nafyonza makohozi kwenye mrija, namgeuza, nambadilisha nepi. Oksijeni lazima ishuke. Sikuandika popote kwamba nafyonza saa hiyo, niliandika tu mwishoni "makohozi kiasi, meupe". Kama programu ya kutabiri kuzidiwa ingefundishwa kwa data ile bila mtu wa kitandani kuwepo, ingejifunza kwamba watoto wa ICU huzidiwa alfajiri.

Nimemaliza. Karibuni.

Kiti_cha_Mbele

Nimeweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

Chembe_ya_Takwimu

Mleta uzi umenikuna panapowasha. Mimi ni mtu wa takwimu, sijawahi kushika mtoto mwenye mrija, na kisa chako cha saa kumi na moja na nusu nitakiiba nifundishie.

Naomba niongeze kitu ambacho wengi hawakioni. Hata kipimo ambacho HAKIKUCHUKULIWA ni habari. Mtoto ana laktati (kipimo kimoja cha damu) iliyopimwa saa tisa usiku. Kabla hata sijatazama jibu, najua kuna mtu aliingiwa na wasiwasi saa tisa usiku, akaamka, akaandika ombi, akachoma. Kuna utafiti wa hospitali mbili za Boston uliochapishwa 2018 kwenye BMJ. Ulikuwa wa watu wazima lakini fundisho ni lilelile. Walilinganisha majibu ya maabara na muda wa kuagizwa kwake. Kati ya vipimo 174, kwa 118 muda wa kuagiza ulitabiri uhai wa mgonjwa vizuri kuliko jibu lenyewe.

Sasa jiulize, programu inayosifiwa kwamba "imetabiri kuzidiwa" imetabiri nini hasa? Mara nyingi imesoma wasiwasi wa nesi na daktari, ikaurudisha kwao kama habari mpya. Ni kama mtu anayekutazama saa yako mkononi kisha anakwambia saa ngapi.

Ndiyo maana kuna mfumo mmoja wa kibiashara wa kutabiri sepsisi kwa watu wazima, ulikuwa umeshasambaa hospitali nyingi Marekani, wachunguzi wa nje walipoupima na kutoa matokeo 2021, uwezo wake wa kutenganisha mgonjwa na asiye mgonjwa ulikuwa 0.63. Kurusha sarafu ni 0.5, kutokosea kabisa ni 1. Theluthi mbili ya wenye sepsisi uliwapita bila kusema neno.

Kitu cha mwisho kisha ninyamaze. Presha bila kujua dawa ni namba tupu. Mtoto mwenye presha 85 bila chochote, na mtoto mwenye presha 85 huku pampu ya adrenalini, dawa ya kupandisha presha, inasukuma, kwenye safu ya data ni ndugu wa tumbo moja. Kitandani mmoja anachezea tedi, mwingine yuko ukingoni. Ukichambua presha bila safu ya pampu unajidanganya mchana kweupe.

Fundi_Seva

Nyie mnaongelea namba kana kwamba zinafika salama. Njooni niwaonyeshe jikoni.

Chumba kimoja kina saa nne. Monita ina saa yake, ventileta yake, pampu za dawa zake, na mashine ya gesi za damu yake. Hakuna hata mbili zinazokubaliana. Nilikuta ventileta iko nyuma dakika 17. Kwenye grafu ilionekana mtoto anapata nafuu kwanza, halafu ndipo oksijeni inaongezwa. Mtu angeandika makala nzima ya sayansi juu ya muujiza ule.

La pili, monita haimjui mtoto, inajua kitanda. Mtoto akihamishwa wodini na nesi akasahau kumtoa kwenye monita, anayelazwa baada yake anaandikwa kwa jina la aliyetangulia. Nimewahi kukuta "mtoto" wa miezi miwili ambaye ghafla mapigo yake yameshuka kutoka 150 hadi 80 na kubaki hapo. Kumbe kitanda kilishachukuliwa na kijana wa miaka 14.

La tatu ni uzito, na hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kwa watoto dawa zote zinapigwa kwa kilo. Uzito wa kwanza mara nyingi umekadiriwa, kwa sababu mtoto ameingia anahemea juu juu na hakuna wa kumpandisha mizani. Ule makadirio unanakiliwa siku zote za kulazwa. Nimeona 3.2 imekuwa 32, nukta imedondoka. Mfamasia aliishika kabla dawa haijatoka, lakini kwenye hifadhi ya data ile 32 bado ipo mpaka leo, na mtu akikokotoa wastani ataipata.

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Fundi, hiyo ya kitanda imenichoma, maana anayesahau kumtoa mtoto kwenye monita ni mimi. Saa ile unakuwa na mtoto mwingine mlangoni.

Chembe, nakubali kuhusu wasiwasi, ila nakupinga kidogo. Wasiwasi wa nesi wa miaka ishirini kuufikisha kwa nesi wa miezi miwili si kazi ndogo. Kama programu imesoma woga wangu na kumpelekea mgeni wa zamu inayofuata, mimi nimeridhika. Tusiiite utabiri tu.

Mama_Wawili

Samahani wataalamu, naingilia. Mwanangu alilala ICU siku kumi na tisa. Sasa ni mzima, anakimbia hapa ananiangushia vitu. Nimesoma uzi wote na nina swali moja: hizo namba za mwanangu zilizofanya "kazi ya pili", nani aliniuliza?

Sisemi kwa ubaya. Siku ya kwanza pale sikumbuki hata niliingia na viatu gani. Mtu angeniletea karatasi ya kusaini ningesaini hata ya kuuza nyumba. Lakini baadaye je? Nilikaa pale siku kumi na nane nyingine. Nilikuwa nimekaa tu.

Chembe_ya_Takwimu

Mama Wawili, hujaingilia kitu, hilo ndilo swali lililokuwa halijaulizwa.

Kwa kawaida, data ikishaondolewa jina, namba ya faili na tarehe kamili, kamati ya maadili inaweza kuruhusu itumike bila kumuuliza kila mzazi. Hifadhi kubwa za wazi zinasogeza tarehe zote za mgonjwa kwa idadi ya siku ya kubahatisha, ili umbali kati ya kipimo na kipimo ubaki lakini siku halisi isijulikane. MIMIC ya Boston inafanya hivyo, na mwaka 2020 hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walifungua hifadhi ya ICU ya watoto peke yao, iitwayo PIC, ina wagonjwa karibu elfu 13.

Ila niseme ukweli, kwa watoto kuficha jina ni kugumu kuliko kwa watu wazima. ICU ya watoto ni ndogo. Ukisema "msichana wa miaka minne, ugonjwa adimu wa ini, alifanyiwa upasuaji wa moyo", sihitaji jina. Mtaa mzima unajua.

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Mama, pole kwa siku zile, na hongera kwa hizo fujo za nyumbani.

Uliyoyasema kuhusu karatasi ya siku ya kwanza, kuna watu walioyafanyia kazi. Uingereza walifanya jaribio linaitwa Oxy-PICU. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: mtoto aliye kwenye ventileta tumpe oksijeni mpaka kidole kisome zaidi ya 94, kama tulivyozoea, au tukubali 88 hadi 92? Watoto 2,040, vitengo 15. Kwa kuwa uamuzi lazima ufanyike saa za mwanzo, mtoto aliingizwa kwanza, wazazi wakaulizwa ridhaa baadaye kidogo, vichwa vikiwa vimetulia. Aliyekataa, mtoto wake aliondolewa. Na sehemu kubwa ya taarifa za ufuatiliaji hawakuzikusanya upya, walizichukua kwenye rejista ya PICANet ambayo vitengo vya kule vinaijaza kila siku kwa kila mtoto tangu 2002, jaribio liwepo lisiwepo. Ikaonekana kuridhika na oksijeni ya chini kunasaidia, si kwa kishindo, lakini kunasaidia. Kuiacha oksijeni ipungue, jambo ambalo sisi manesi mkono unakataa!

Na upande wa pili kuna yaliyoharibika. Hospitali ya Royal Free ya London iliipa kampuni ya DeepMind kumbukumbu za wagonjwa milioni 1.6 ili kujaribu programu ya figo. Mwaka 2017 msimamizi wa taarifa wa Uingereza akasema sheria haikufuatwa, wagonjwa hawakuelezwa vya kutosha. Hakuna aliyesema programu ilikuwa mbaya. Watu walikasirika kwa sababu ileile yako: walikuwepo, hawakuulizwa.

Mama_Wawili

Nimekuelewa. Ningeulizwa ningekubali, tena kwa mikono miwili. Ila ningependa kuambiwa mlipata nini.

Kengele_Kichwani

Mimi ni nesi pia, na sitaki programu nyingine yoyote. Mnajua chumba chetu kinalia mara ngapi? Kuna wenzetu walirekodi video ICU ya watoto na wodini wakahesabu kengele moja moja, wakachapisha 2015. ICU, kengele zilizohitaji mtu afanye kitu zilikuwa asilimia 12.9. Wodini asilimia 1. Nyingine zote mtoto kageuka, waya umelegea, mguu umetikisika. Masikio yameshakufa ganzi. Leo mniongezee kengele ya sepsisi juu yake?

Chembe_ya_Takwimu

Kengele_Kichwani, hapo data ya kawaida iko upande wako. Mipaka tunayoiweka kwenye monita mingi inatoka vitabuni. Walipochukua mapigo na pumzi halisi za watoto waliolazwa, wakazichora kwa umri, wakaona watoto wengi waliokuwa sawa tu walikuwa nje ya mipaka ya vitabu. Mtoto aliyelazwa ana homa, ana maumivu, ana hofu, moyo wake hauwezi kuwa wa mtoto aliyelala kwao. Utafiti huo ni wa 2013. Yaani kabla ya kuongeza kengele hata moja, zile namba za zamani zinaweza kuzinyamazisha nyingi.

Nirudi kwa mleta uzi kidogo. Ulisifia ile oksijeni ya kidoleni kwenye Phoenix. Mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua jozi zilizokwishakuwepo kwenye mafaili, namba ya kidole na namba ya damu ya ateri zilizopimwa karibu wakati mmoja. Kidole kinasoma 92 hadi 96, damu inasema chini ya 88: kwa wagonjwa Weusi ilitokea asilimia 11.7, kwa Weupe asilimia 3.6. Walikuwa watu wazima, baadaye kwa watoto pia ikaonekana inaelekea hukohuko. Sasa pitisha hiyo kwenye hesabu yako ya 292. Mtoto wa ngozi nyeusi, kidole kinamdanganyia juu, mgawanyo unatoka mkubwa, pointi haipati. Kigezo kilichotoka kwenye data kimerithi kasoro ya kifaa kilichoizalisha.

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Chembe, hiyo nilikuwa sijaiunganisha. Nimeisoma mara mbili.

Lakini ona, hata kasoro yenyewe imegunduliwa kwa mafaili ya zamani. Hakuna mgonjwa aliyechomwa upya ili ijulikane. Jozi zilikuwa zimekaa tu stoo tangu siku zimeandikwa.

Fundi_Seva

Swali kwako mleta uzi. Kisa cha saa kumi na moja na nusu kiliishaje? Au bado mnashusha oksijeni kila alfajiri na programu inapiga mayowe?

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Tuliweka kitufe. Kwenye skrini ya monita kuna sehemu ya kuweka alama ya tukio, ilikuwepo miaka yote hakuna aliyeigusa. Tukaipa majina matano: nafyonza, namgeuza, nepi, kipimo cha picha, waya umetoka. Unagusa mara moja, muda unajiandika wenyewe, huandiki kitu. Kijana wa kompyuta anaondoa dakika kumi baada ya kila alama kabla ya kuchambua.

Wiki ya kwanza walibonyeza watu watatu. Nilijua kwa sababu ni sisi watatu wa usiku. Mchana hawabonyezi, na siwalaumu, mchana kuna madaktari sita kitandani, wazazi, mafundi, mtu wa eksirei anasukuma mashine. Sasa tatizo jipya: kwenye data watoto wanafyonzwa usiku tu.

Fundi_Seva

Hahaha. Chembe, hiyo ichukue nayo ukafundishie.

Kengele_Kichwani

Hicho kitufe kwetu kipo upande gani wa skrini? Nina zamu leo.

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Yetu iko chini kulia, chini ya kitufe cha kunyamazisha kengele. Kwa hiyo utakuwa unapita hapo mara mia kwa siku.